Skripti Isiyo na Kichwa

Kama ungemuuliza Safina Khalfani wa Ujiji ni kitu gani kinamkera kuliko vyote duniani, asingekutajia umbea wala kukatika kwa umeme. Angekwambia ni mtu anayechukua skripti ya mwenzake akaacha kichwa. Na angekueleza kwa kirefu, utake usitake, maana alikuwa mwalimu wa kompyuta katika kituo kidogo karibu na stesheni ya Kigoma, na walimu wakishaanza kueleza hawana breki.

Kwa asiyejua, skripti ni maagizo machache yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta, ili mashine ifanye kwa dakika moja kazi ambayo wewe ungeifanya kutwa nzima na mgongo ukauma. Safina na wenzake, watengeneza programu wachache wa mjini Kigoma, walikuwa na desturi ya kugawana vitu hivyo. Bando lilikuwa ghali na mtandao wa kusuasua, kwa hiyo waligawana kwa flashi iliyopita mkono kwa mkono, na kwa kundi la simu waliloliita Chungu. Ukipika kitu kikaiva, unakitia chunguni. Ukiwa na njaa, unachota. Nani kachota nini hakuna aliyejua, na hakuna aliyeona haja ya kujua.

Sharti lilikuwa moja tu, na aliyelileta ni Safina mwenyewe. Juu kabisa ya kila skripti lazima kiwepo kichwa, yaani maneno machache ya Kiswahili cha kawaida ambayo kompyuta inayaruka lakini binadamu anayasoma: nani kaandika, kwa kazi gani, na ni wapi itakuunguza. Hilo la mwisho ndilo alilolishikia bango. Mtu akileta skripti bila kichwa, Safina alimrudisha kama mtoto aliyekuja shule hajanawa uso. Wakamtania, wakamwita Mama Kichwa, naye jina akalipokea kwa furaha.

Mojawapo ya skripti zake ilikuwa ya ukoo. Aliiandika wakati wa kugawa vyandarua Ujiji, zahanati ilipokuwa na orodha ya watu mmoja mmoja na ikataka kujua nani na nani wanaishi pamoja. Safina akatumia akili ya nyumbani. Ujiji mtu ana jina lake, la baba na la babu, na wake za watu zahanati ilikuwa imewaandika kwa majina ya waume zao. Basi ukiona watu wanne wa mtaa mmoja wenye jina la mwisho moja, hao ni nyumba moja, huna sababu ya kwenda kubisha hodi. Skripti ikatazama jina la mwisho na mtaa, ikawaunganisha watu, na aliyekosa mwenzake ikamwandika kuwa yuko peke yake. Vyandarua vikagawiwa, watu wakalala. Kwenye kichwa Safina aliandika wazi kwamba hiyo ni ya Ujiji, na isitumiwe mahali ambapo kila mtu anapewa jina lake mwenyewe.

Kisha ukaingia mwaka 2015, na Warundi wakaanza kumiminika Kagunga. Anayeifahamu Kagunga anajua ni ukanda mwembamba wa mchanga, mlima mgongoni na ziwa usoni, kijiji cha wavuvi kisicho hata na barabara ya gari. Ghafla kikajaa watu waliokimbia na godoro, na mbuzi, na wengine na nguo walizovaa tu. Walilala mchangani. Maji waliyokunywa ndiyo hayo hayo waliyooga, na kipindupindu hakikuchelewa. Meli ikawa inawatoa pale kwa awamu hadi Kigoma mjini, wanapumzika uwanja wa mpira, halafu mabasi yanawapeleka kambini upande wa Kasulu.

Dismasi, rafiki mkubwa wa Safina na fundi mzuri kuliko wote pale Chungu, alipata mkataba na shirika moja lililokuwa likisajili watu. Alikuwa Muha wa Manyovu, mpakani na Burundi, mcheshi, mwenye kupenda kazi. Wakampeleka Kagunga kwa boti. Huko akakuta makarani wameandika watu kadiri walivyofika, mmoja mmoja, bila kuonyesha nani ni mtoto wa nani, kwa sababu watu walikuwa wengi na karani akiinua kichwa anakuta foleni imeongezeka. Mkuu wake wa kazi akataka familia zijulikane kabla meli haijang'oa nanga, ili watoto waliokuja peke yao watengwe na kuangaliwa vizuri. Nia ilikuwa njema, hilo tusilifiche.

Dismasi akampigia Safina simu akiwa amesimama juu ya jiwe kando ya maji, mahali pekee ambapo simu yake ilishika, na hata hapo mara ikashika mtandao wa Burundi, mara wa nyumbani. Akaomba ile ya ukoo. Intaneti hakuna, akasema, itume kwa meseji za kawaida. Safina akamwambia ni ndefu, zitakuwa meseji nyingi na huenda nusu zisifike. Dismasi akamjibu apunguze, atoe maneno yake yale ya juu, atume mistari ya kazi tu. Nyuma ya sauti yake watoto walikuwa wakilia.

Safina alitaka kumkumbusha onyo la majina, simu ikakatika. Akajiambia Dismasi ni mtu mzima, tena Muha, mambo ya majina ya Warundi anayajua kuliko yeye wa Ujiji. Akakifuta kichwa kwa mkono wake mwenyewe, akaituma skripti vipande vipande. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na Mama Kichwa naye siku hiyo hakujiganga.

Dismasi alipopata mtandao wa kueleweka, aliandika kwenye kundi akimmwagia Safina sifa. Kazi ya wiki imekwisha kabla chai haijapoa, alisema, na mkuu amefurahi. Akaiweka skripti pale pale, kama alivyoitumia, ili na wengine wachote. Watu wakabonyeza vidole gumba. Safina aliona wazi kwamba haina kichwa. Lakini sifa ni tamu, na alikuwa na mitihani ya kusahihisha, akasema atakirudisha kichwa Ijumaa. Ijumaa ikaja, akaenda zake arusini.

Mama yake, Bi Zaitun, alikuwa mmoja wa wanawake wa msikitini waliojitolea kuwapikia uji wakimbizi pale uwanjani. Jumapili moja akamchukua binti yake amsaidie kugawa vikombe. Safina hakuwa amefika tangu watu waanze kuletwa. Alikuta majani ya uwanja yamekwisha, kamba za nguo zimefungwa golini, na watu wamekaa kwa makundi wakisubiri kuitwa majina. Akaanza kugawa uji, anasalimia, anasogea.

Akafika kwa mwanamke aliyekaa bila kundi, amekonda, midomo imekauka, kanga imemzidi mwili. Safina akampa kikombe. Hakukipokea. Akauliza kwa Kiswahili cha kule kwao kama Safina ni wa wale wenye mashine. Safina akasema hapana, yeye ni wa uji tu, akauliza kuna nini.

"Umwana wanje," mwanamke akasema. "Mtoto wangu. Mimi nilikuwa kwenye hema la wagonjwa, hapa hapa uwanjani, natapika, sijui mchana wala usiku. Nilipotoka wakaniambia ameenda na basi la watoto wasio na wazazi. Nikasema mzazi ni mimi hapa. Wakatazama kwenye mashine. Mashine ikasema hana mama."

Safina akachutama. Akamuuliza jina la mtoto. Marcelina Iradukunda, akaambiwa, ana miaka sita. Akamuuliza jina lake yeye, mama. Veneranda Ntirampeba. Safina akauliza la baba, ingawa jibu alishalijua. Baba alikuwa Selestini Nzeyimana, alibaki Burundi, hawajui kama yu hai.

"Majina yenu hayafanani," Safina akasema.

Veneranda akamtazama kama anavyotazamwa mgeni anayeuliza kwa nini maji yanateremka. "Kwa nini yafanane? Kila mtoto anapewa lake siku yake. Kwani kwenu mnagawana?"

Uji ulikuwa unamwagikia Safina mkononi, wa moto, na hakuusikia. Ile skripti ilitafuta jina moja ikaunganisha, na mahali ambapo kila mtu ana jina lake haikumpata mama wala mwana, ikawaandika wote wapweke. Mtu mzima mpweke haimdhuru kitu. Mtoto mpweke anatiwa basi lake. Aibu ilimpanda hadi masikioni, halafu ikaja hofu, maana Veneranda hakuwa peke yake katika meli ile. Alimwambia atamtafutia mtoto wake. Hakumwambia kwa nini.

Dismasi alirudi kesho yake kwa boti, na Safina alikuwa Kibirizi akimsubiri, pale maboti ya Kagunga yanapofikia, katikati ya wachuuzi wa dagaa. Alimvuta pembeni akamweleza yote. Dismasi hakubisha. Alikaa juu ya ndoo iliyoinamishwa akajishika kichwa. Akasema bibi yake mwenyewe ana jina lake na babu lake, na wajomba kila mmoja lake. Ni shule tu iliyowaandika wao kwa jina la baba. Alijua. Alijua kabisa, ila hakufikiri. Akakiri tena kwamba mashine ilipomtolea familia ya akina Niyonkuru wa hema moja, maana hema ndilo aliloliweka mahali pa mtaa, wanaume watupu wenye ndevu, alicheka, akasema familia za Warundi nazo, akaendelea na kazi.

Lakini Safina aliposema waende kwa mkuu wa usajili, Dismasi alibadilika. Akasema wasubiri. Makosa yatasahihishwa yenyewe huko kambini, watu watadai watoto wao, mambo yatakaa sawa. Mkataba wake ulikuwa haujafika hata nusu, na mdogo wake alikuwa akimtegemea.

"Na ukisema," akaongeza, "hawatasema Dismasi kakosea. Watasema vijana wa Kigoma hawajui kazi, leteni watu kutoka Dar. Chungu chote kitamwagwa. Halafu skripti yenyewe ni ya nani, Safina?"

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Muuza dagaa mmoja aligeuka kuwatazama.

"Ni yangu," Safina akasema. "Kichwa nilikikata mimi. Ndiyo sababu nakuja kwako kabla sijaenda kwao. Mficha uchi hazai, Dismasi. Twende, au nakwenda."

Dismasi hakuinuka. Safina akaondoka na hasira zake, akapanda bodaboda, na njia nzima machozi yakawa yanakaushwa na upepo. Alimpenda yule kijana kama ndugu.

Kabla ya kwenda ofisini, akakaa kibarazani kwa mtu akaandika kwenye kundi. Aliandika kwamba skripti ya ukoo iliyowekwa bila kichwa ni mbovu kwa Warundi, inatenga mama na mwana, na inaunganisha wasiojuana. Aliyekata kichwa ni yeye. Na yeyote aliyeitumia mahali popote amwambie leo hii. Akairudisha na skripti yenyewe, safari hii na kichwa chake. Alama za kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa zikatokea, moja baada ya nyingine, mpaka wote wakawa wamesoma. Hakuna aliyejibu. Mmoja aliweka utani wa mpira, akaufuta haraka. Hapo ndipo Safina alipoielewa vizuri desturi yao. Skripti ikishachotwa inakaa kwenye mashine ya mtu, na hata ukiirekebisha ile ya chunguni, ile ya kwake haipati habari. Na mwenye kukiri alikuwa anaweka kibarua chake rehani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ofisi ya usajili ilikuwa kwenye nyumba ya kupanga karibu na bandari. Mkuu, mzee mmoja aliyeitwa Bwana Martini, mtu wa miraba minne na sauti ndogo, alikuwa amezungukwa na simu tatu. Safina akamwamkia shikamoo, na alipogeuka kutafuta pa kukaa, akamwona Dismasi yuko pale kwenye benchi, viatu bado vina mchanga wa Kibirizi. Alikuwa ametangulia. Safina akaenda kukaa karibu naye.

Wakaeleza kwa zamu. Bwana Martini alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu, kama wanajua ni watoto wangapi. Dismasi akasema hawajui, ila wanaweza kujua ikiwa kila mtoto aliyeandikwa yu peke yake ataulizwa upya kwa mdomo, jina la mama na aliko. Bwana Martini akamwambia hilo ndilo lililopaswa kufanywa tangu mwanzo, na kwa sauti yake ile ndogo akamwambia arudishe kitambulisho cha kazi. Dismasi akakivua shingoni akakiweka mezani. Halafu, na hili Safina hakulitegemea, mzee akamwambia akae, asaidie kusahihisha mpaka jioni kama mtu wa kujitolea, maana hakuna mwingine anayejua mahali alipoharibu.

Wakaanza na Marcelina, kwa sababu ndiye waliyemjua. Wakamtafuta katika orodha ya watoto walio peke yao kambini. Hayupo. Wakatafuta tena kwa umri, kwa siku ya basi. Watoto wote wa basi lile walionekana, isipokuwa wachache, na yeye alikuwa miongoni mwa waliokosekana. Dismasi akasema labda alishuka njiani. Bwana Martini akauliza, kwa kuchagua maneno, kama basi lile lilikuwa na wagonjwa. Watu walikuwa wakifa siku zile, hata watoto, na kila mtu ndani ya chumba aliijua maana ya swali. Safina akamfikiria Veneranda aliyekaa uwanjani akimngoja, akatamani ardhi impasukie.

Akajilazimisha kufikiri kama mashine. Skripti yake ilikuwa na makosa mawili, siyo moja. Alikuwa amekazana na lile la kutenga, akalisahau la kuunganisha. Kama kule kambini mtu mwingine amechota chunguni, akaipitisha skripti ile ile juu ya orodha ya huko, eneo la kambi likishika nafasi ya mtaa, basi mtoto hatakuwa peke yake tena. Atakuwa amepewa mtu. Na mtu mwenyewe anajulikana jina.

Katika wanakundi, aliyefanya kazi kambini alikuwa Bariki. Safina akampigia. Bariki akapokea kwa uchangamfu uliozidi, na Safina alipoitaja skripti ya ukoo akasema hajawahi kuigusa, wao wana mfumo wao, tena mfumo mzuri.

"Bariki, sikuulizi kama uliitumia," Safina akasema. "Naomba unitafutie mwanamke anayeitwa Iradukunda, eneo lile lile walikopelekwa watoto wa basi."

Safina akasikia vidole vikibonyeza. Bariki alirudi na sauti nyingine kabisa. Yupo, akasema, Esther Iradukunda, ana mtoto mmoja wa kike aitwaye Marcelina. Safina akauliza mwanamke huyo alifika kambini na nani.

"Alifika peke yake."

Bwana Martini aliwapa gari asubuhi iliyofuata; Dismasi akabaki na orodha, Safina akampitia Veneranda uwanjani. Ndani ya gari ndipo Safina alipomwambia Veneranda ukweli wote, kwa sababu hakuweza kukaa naye njia ile ndefu ya vumbi na siri ile kifuani. Alimwambia ile mashine ilikuwa na maneno yaliyoandikwa na yeye, na maneno ya onyo aliyafuta yeye. Veneranda akauliza kama mtoto anakula. Safina akasema hajui. Veneranda hakumwambia neno jingine mpaka wakafika, na Safina aliona hiyo ni haki yake.

Bariki aliwapokea getini, macho chini, akawaongoza katikati ya mahema na vibanda vya miti. Kwenye kibanda cha mwisho cha mstari, mtoto wa kike alikuwa akichora ardhini kwa kijiti, amevaa fulana ya mtu mzima inayomfika miguuni. Veneranda hakuita. Alikazana kutembea, miguu dhaifu ikimyumbisha, na mtoto aliposikia hatua akainua uso. Akatoka mbio. Wakagongana njiani wakaanguka chini wote wawili. Mama akamnusa kichwa, shingo, mikono, akilia kwa sauti bila kumwonea mtu haya, na Bariki aliyekuwa hana mfumo mzuri wala mbaya akageuka akapangusa uso kwa shati.

Mlangoni pa kibanda alikuwa amesimama mwanamke mwingine, kijana kuliko Veneranda, mikono imelowa povu la sabuni. Aliwatazama wale wawili waliokuwa chini, halafu akamtazama Safina, aliyeshika mfuko wa ofisi. Safina akamsalimu, akaanza kueleza kwamba kumetokea kosa, kwamba mashine imetazama majina tu, kwamba Iradukunda na Iradukunda haina maana kuwa ni ndugu.

"Najua," Esther akasema. "Kwetu nani asiyejua hilo? Waliponiletea nilijua mashine imekosea. Wangu nilimzika Kagunga, mchangani, mnyama asimfukue nikaweka mawe. Wakaja wakasema, mtoto wako huyu hapa, weka kidole. Nikasema, basi, acha ikosee."

Pole ilimjia Safina mpaka mdomoni ikaonekana ndogo mno, akaisema hivyo hivyo. Esther akaingia ndani, akatoka na gauni la mtoto, dogo, la maua, linachuruzika maji. Akaenda nalo mpaka kwa Veneranda, ambaye sasa alikuwa ameketi na mtoto mapajani.

"Limekuwa chafu njiani, ndiyo nalifua," akamwambia kwa Kirundi, na Bariki akatafsiri kwa sauti ya chini ingawa hakuna aliyemwomba. "Halijakauka. Usiku anaamka kuomba maji, mpe kidogo kidogo."

Veneranda akalipokea kwa mikono miwili. Akamshika Esther mkono wenye povu akaung'ang'ania. Mtoto akatazama mmoja, akatazama wa pili, akauliza kwa nini wote wanalia.

Baadaye Esther akaurudisha mkono wake taratibu, akaja aliposimama Safina. Aliuliza kama ni kweli yeye ndiye mwenye mashine. Safina angeweza kusema wapo wengi, kwamba yule kule aliomba na huyu hapa alichota, na isingekuwa uongo.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

"Na mnaisahihisha?"

"Tunaisahihisha."

Esther akajifuta mikono kwenye nguo yake, upande mmoja, kisha upande wa pili, mpaka ikakauka kabisa.

"Basi mimi mniandike peke yangu," akasema. "Mniandike sasa hivi, nikiona."

Bariki akafungua kompyuta juu ya magoti, lakini vidole vyake vikasita. Safina akaichukua, akakaa chini mlangoni pa kibanda, akatafuta jina, na Esther akainama nyuma ya bega lake kutazama. Akamwandika.